Kabla ya Kuingiza Tingatinga Kichakani

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, nilikuwa nimeinama nyuma ya nyumba nikiosha omena kwenye karai, nikasikia ngurumo ya tingatinga ikija kutoka upande wa Katito, na moyo wangu ukacheza kwa furaha. Nilijua linakuja kwa ajili yetu. Baba yako, mtoto wangu wa kwanza, alikuwa bado wa kubebwa mgongoni, na kelele ile ilimwamsha akaanza kulia. Nilimwambia, nyamaza mzee, hiyo ndiyo nyumba yako inakuja.

Nimeikumbuka kwa sababu ya simu uliyonipigia Jumapili. Umesema, Akinyi, kwamba ile sehemu ya mlimani tuliyokupa sasa unataka kuisafisha ujenge, na kwamba kuna mtu huko kwenu Nyamasaria aliye tayari kuja na tingatinga lake amalize kichaka chote kwa siku moja. Ukaniuliza, "Dani, nikuje na hiyo tingatinga ama nikuje na mashine ya kufyeka?" Nikakujibu, mimi bibi yako, kwamba nitafikiria. Nilikuongopea kidogo. Jibu nilikuwa nalo tangu ujana wangu, ila ni refu, na wewe ukiwa kwenye simu huwa na mguu mmoja nje ya mlango. Kaa sasa unisikilize.

Wakati ule mimi na babu yako Okeyo tulikuwa tunaishi kwenye simba, ile nyumba ya kijana iliyo ndani ya boma la baba yake. Hakuna ubaya kuishi simba, lakini mtu hazeekei humo. Siku hufika unapewa ardhi, unatoka, unaanzisha dala lako, yaani boma lako mwenyewe. Na kwetu mtu hahami hivihivi kama mpangaji wa mjini. Baba ndiye anayemtangulia mwanawe. Wanatoka alfajiri, baba mbele, mtoto wa kwanza wa kiume na shoka, mwenye nyumba na jogoo, mke na moto, na nyumba inasimama siku hiyohiyo. Baba akiwa amekwisha kufariki, mzee mwingine wa ukoo atashika nafasi yake, wala hakuna atakayelalamika. Lakini si sawa, na kila mtu anajua si sawa.

Baba mkwe wangu, ambaye sote tulimwita Jaduong', yaani mzee, alikuwa anaumwa kifua. Kutoka kitandani hadi mlangoni alipumzika njiani. Hakuwa mtu wa kuomba vitu, lakini alikuwa ametuambia jambo moja analolitaka kabla hajafumba macho, nalo ni kutuingiza kwenye dala letu kwa miguu yake mwenyewe. Si kubebwa kwenye kiti, si kuwakilishwa na ndugu yake. Kwa miguu yake.

Na ardhi tuliyopewa iko pale unapopajua, kwenye mteremko, ukisimama unaona ghuba upande wa Kendu Bay. Siku hizo huoni kitu. Ilikuwa kichaka kitupu, miiba imeshikana mikono na miti michanga, hata mbuzi akiingia alitoka amechanika masikio. Mvua za masika zilikuwa karibu. Zikianza, udongo wetu ule unateleza mpaka kijana mwenye mapafu mazima anapanda kwa magoti. Kwa hiyo hesabu yetu ilikuwa rahisi: kichaka kitoke kabla ya mvua, la sivyo Jaduong' hatapanda, na mvua zikiisha huenda yeye hatakuwepo.

Ndipo Okeyo akamkumbuka rafiki yake Wafula. Wafula alikuwa dereva wa tingatinga, wakati huo wakitengeneza barabara karibu na kwetu, mtu wa kucheka sana na mwenye roho safi. Alikubali kuja kutusaidia bure. Alikuja siku hiyo na tingatinga lake, akaliegesha nje ya boma, akaingia kumsalimu mzee kwanza, kama mtu aliyelelewa vizuri.

"Mzee, wewe usijali," Wafula akasema. "Hii kitu ni kazi ya siku moja tu. Jioni utaona pale pamekuwa kama uwanja ya mpira."

Jaduong' alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kamba, blanketi begani. Aliliangalia lile tingatinga kwa muda mrefu, na nakuhakikishia alilipenda. Alikuwa mtu wa kupenda chombo chochote kilichotengenezwa vizuri. Aliuliza lile bamba la mbele la kukwangulia linaingia ardhini kiasi gani, akauliza linapanda mteremko au linalala ubavu. Wafula akamjibu yote. Kisha mzee akauliza swali lake.

"Bwana Wafula, hii mashine yako, ukiiambia wacha hii mti, ng'oa hii, itasikia?"

Wafula akacheka. "Mzee, hiyo haina masikio. Yenyewe ikianza inabeba kila kitu, mpaka mizizi."

"Basi ero kamano, asante sana kwa kufika. Kunywa chai. Lakini huko juu niko na vitu zingine hazitaki kubebwa."

Mwanangu, nilikasirika. Nasema wazi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika mkononi, na machozi yalinijia kwa hasira. Tulikuwa tunamkimbizia yeye ile kazi, halafu yeye ndiye anarudisha tingatinga! Okeyo alijaribu kumwambia, "Baba, mvua iko karibu, na pale ni kichaka tu." Mzee akageuka, lakini hakumtazama Okeyo. Alinitazama mimi, maana uso wangu ulikuwa umeshasema kila kitu.

"Nyar Seme," akaniita, kwa jina la kwetu nilikozaliwa, kama ilivyo heshima. Alisema kwa Dholuo, mimi nakuletea kwa Kiswahili kwa sababu ninyi mliokulia mjini Dholuo yenu ina mashimo. "Nyar Seme, ukienda sokoni unamwambia muuzaji akupe samaki tu?"

"Hapana, Baba."

"Unamwambiaje?"

"Namwambia ngege, au mbuta, au omena."

"Kwa nini?"

"Kila mmoja ana sufuria yake na moto wake."

"Basi kichaka tu si jina. Nendeni mkaniletee majina, halafu ndiyo tuulizane ni chuma gani tunaingia nacho."

Hilo ndilo lilikuwa karipio langu. Hakupandisha sauti, wala hakuongeza neno. Nilikwenda kumwaga majani ya chai nikiwa bado nimenuna.

Siku iliyofuata mimi na Okeyo tuliingia kwenye kile kichaka bila panga. Hilo lilikuwa sharti lake. Alisema mwenye panga mkononi haangalii, anakata. Tulitambaa humo ndani tukichanwa na miiba, tukivunja tawi moja la kila kilichoota na kukumbuka limetoka wapi, juu au chini, jiwe gani, bonde gani. Tukarudi tumebeba mzigo kama watu waliotoka kutafuta kuni. Jaduong' akawaita watoto wa boma wamletee vyuma vyote vilivyokuwa nyumbani, vikalazwa chini mbele ya kiti chake: mapanga, fyekeo, jembe la kawaida na jembe la meno, sururu, na lile shoka.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Nimeisikia methali hiyo maisha yangu yote, na ni methali nzuri ya kumtoa mvivu kitandani. Lakini Jaduong' alikuwa mkulima kuliko wote waliokuwa wakimsomea methali hiyo, na yeye alichagua. Aliliinua kila tawi, akalinusa, akaliweka juu ya chuma chake. Zile nyasi ndefu na machipukizi laini akaziweka kwenye fyekeo. Miche ya mgunga yenye unene wa kifundo cha mkono akaiweka kwenye shoka, akasema ikatwe chini kabisa, usawa na udongo, kwa sababu panga hukata kwa mshazari na kuacha mkuki ardhini, na baadaye ni mguu wa mtoto wako utakaoukuta. Kile kichaka tunachokiita nyabend winy, chenye vishada vya maua ya rangi rangi, alikitupa juu ya sururu. "Hiki ukikifyeka kinakucheka," akasema. "Kinarudi na ndugu zake. Kichimbueni, lakini pale juu palipo tambarare tu. Kwenye mteremko kifyekeni na kurudia, mpaka kichoke."

Tawi la ojuok, ule mti wa maziwa makali yanayounguza macho, aliliweka kando peke yake. Hilo lisiguswe na mtu, litakuwa ua letu. Na siala, miti michanga iliyonyooka ya kujengea, aliigawa mafungu mawili. Iliyosongamana ikatwe iwe nguzo na fito za nyumba. Mingine ibaki.

Sikuwahi kumwona mtu mgonjwa aliye na uso wenye furaha kama ule. Kifua kilikuwa kinapiga filimbi, lakini macho yalikuwa ya kijana. Hasira yangu iliisha pale pale, na mahali pake pakaingia kitu ambacho hakijatoka hadi leo. Nilimpenda yule mzee.

Kazi yenyewe tuliifanya kwa saga, ndiyo desturi yetu ya majirani kuitana kusaidiana, wewe unapika, wao wanakuja na vyuma vyao. Jaduong' hakuweza kupanda, kwa hiyo aliketi chini ya mteremko na tupa na jiwe la kunolea. Kila aliyepita, mzee alimwangalia chombo chake kwanza. Aliyekuja na panga butu alinyang'anywa, likanolewa mpaka likanyoa nywele za mkono. Mpini uliolegea ulikazwa. Kisha alimwambia mtu aende wapi: wewe mwenye fyekeo, nyasi za kule, wewe una mikono mizito, nenda na shoka kwenye mgunga, wewe una haraka, njoo uketi hapa kidogo. Watu walicheka, lakini walikwenda walikotumwa. Na unajua nani alikuwa wa kwanza kufika? Wafula, Jumamosi yake ya mapumziko, na fyekeo begani. "Nimekuja na kitu iko na masikio, Mzee," akasema. Jaduong' alicheka mpaka akakohoa.

Jambo moja tu liliwaudhi wanaume. Kwenye njia ya kupanda juu, Jaduong' aliagiza siala ziachwe, moja huku, moja kule, karibu karibu, mpaka kileleni. Okeyo alilalamika kwamba njia inakuwa nyembamba na nguzo tutazipitishaje. Mzee akamjibu, "Ziacheni," akaendelea kunoa. Hakueleza. Mimi nilidhani ni za kivuli, nikajisemea kivuli gani cha mti mwembamba kama mwiko.

Kichaka kilichukua majuma kadhaa. Kila asubuhi nilitazama mawingu upande wa ziwa na kila asubuhi nilisikiliza kile kifua. Sitakuficha kwamba kuna siku nilijutia lile tingatinga lililorudishwa. Vitu viwili vilikuwa vinakimbizana, mvua na pumzi ya mzee, na sisi tuko hapo tunang'oa kichaka kimoja kimoja.

Siku ilifika na mvua haikuwa imefika. Alfajiri tulitoka. Baba yako ndiye aliyepaswa kubeba shoka kwa kuwa ni mtoto wa kwanza, lakini alikuwa mdogo, kwa hiyo shangazi yake alimbeba yeye, na mpini ukaegeshwa kwenye kiganja chake, naye akaukamata na kuulamba. Okeyo alikuwa na jogoo. Mimi nilikuwa na moto kwenye kigae cha chungu. Mbele yetu alikuwa Jaduong', amevaa koti lake la kanisani, hataki fimbo.

Tambarare alikwenda vizuri. Tulipofika mguu wa mteremko alisimama. Nilisikia pumzi yake inakwaruza. Mashemeji zangu walitazamana, na mmoja akasogea amshike, Okeyo akamzuia kwa macho. Nilimwomba Mungu kwa maneno ambayo sikuwahi kuyatumia kanisani.

Jaduong' akanyoosha mkono, akaishika siala ya kwanza. Akajivuta. Akapiga hatua, akasimama, akapumua. Akanyoosha mkono mwingine, na siala ya pili ilikuwa pale pale mkono ulipofika. Akajivuta tena. Hivyo hivyo akapanda, mti kwa mti, kila mmoja ulikuwa umekaa palipotakiwa, mizizi yake imeshika udongo na udongo umemshika yeye. Wanaume waliolalamikia njia nyembamba walikuwa wameinamisha vichwa. Mimi nililia waziwazi, nikasingizia moshi.

Kileleni alikaa chini kwanza. Kisha akaliomba shoka, akalipiga ardhini mahali pa nguzo ya kwanza, pigo dogo tu. Akanigeukia.

"Nyar Seme, moto wako bado uko?"

"Bado uko, Baba."

"Basi umefika kwako."

Jioni nyumba ilikuwa imesimama, nguzo na fito zote za kutoka kwenye kichaka kile kile. Masika yakaja. Upande wa pili wa kilima palikuwa na shamba lililokwanguliwa mpaka udongo ukabaki uchi, na mvua ile ikafungua korongo ambalo hadi leo ng'ombe akishuka humo humwoni pembe. Kwetu maji yalipita kwenye mizizi, yakaenda zake. Jaduong' aliyaona hayo akiwa mlangoni mwetu, kwa maana mchana alikuwa akiletwa kwetu kupumzika. Alifariki kabla ya mavuno. Hatukumlilia kwa uchungu wa deni, mwanangu. Tulimlilia mtu aliyemaliza.

Nimekaa miaka mingi nikimstaajabia, na ninachokistaajabia ni hiki. Katika boma lile zima, mwenye haki ya kuwa na haraka alikuwa yeye. Sisi tulikuwa na maisha mbele yetu. Yeye alikuwa na kifua kile. Na yeye ndiye aliyesema twende tukaangalie kwanza. Watu husema haraka haraka haina baraka, ni rahisi kuisema ukiwa na afya yako na chai yako mkononi. Yeye aliisema akiwa hana pumzi ya kuimalizia.

Sasa nikujibu swali lako. Usidhani bibi yako anachukia mashine. Juzi kijana wa jirani alikuja na mashine ya kufyeka, ile ya kuning'iniza begani, akasafisha ukingo wa shamba wakati mimi nachagua mchele. Niliipenda kabisa. Nilimwomba anipe nijaribu, akaogopa, akasema Dani utakatika mguu. Njoo na hiyo. Kwa nyasi, mwambie mwenye mashine afunge uzi wa plastiki wa kukatia. Kwa miche ya miti, afunge kisu cha duara chenye meno, avae buti na kioo cha macho, na asikaribie mtu. Panapozidi unene wa paja, hapo ndipo msumeno wa petroli, na mtu anayeujua, si binamu yako anayejifunzia kwetu. Nyabend winy ni ya sururu, hakuna mashine iliyoishinda bado. Kama unataka tingatinga lisawazishe pale juu pa msingi, palipo tambarare, lilete, Jaduong' mwenyewe asingekataa. Lakini mteremko wangu lisiukanyage.

Na kabla ya chuma chochote, uingie humo mikono mitupu. Jua jina la kila unachokikuta. Chombo, mwanangu, hukichagui kwa kuangalia unachotaka kuondoa peke yake, kwa sababu kuondoa ni rahisi, hata moto unajua. Angalia kwanza unachotaka kibaki, halafu utafute chuma kinachoweza kukiacha. Hivyo hivyo kwa kazi, kwa ndoa, na kwa ugomvi na ndugu zako, ambao najua unao.

Baba yako angekuwepo, angekutangulia yeye. Hayupo, kwa hiyo nitakutangulia mimi. Wazee wa ukoo wataguna, kwamba tangu lini bibi kizee akampandisha msichana mlimani na shoka. Waache wagune, hewa ni yao. Shoka lile lipo nyuma ya mlango wangu, mpini alioulamba baba yako umebadilishwa lakini chuma ni kile kile, na wewe ndiwe mtoto wake wa kwanza.

Mungu akupe macho kabla ya kukupa nguvu. Akupe nyumba isiyovuja na udongo usiokimbia, na majirani watakaokuja na vyuma vyao bila kuitwa mara mbili. Moto wako usizimike njiani.

Njoo Jumamosi tutembee. Mimi sasa ndimi ninayepumzika kati ya kitanda na mlango, lakini nitapanda. Wewe kando ya njia niachie siala, Akinyi, na uziache karibu karibu, maana mkono wangu ni mfupi kuliko wa Jaduong'.